Ajenda ya Nne

Kikao kilianza saa tisa na nusu, mbu wakituonja vifundoni.
Ajenda ya nne: Kocha Andama, apewe muda gani?
Mechi tisa, sare mbili.
Zilizobaki niliziandika kwa penseli
kana kwamba kuna siku zitafutika.

Mkuu wa chuo alitaka aondoke kabla ya Pasaka.
Mhasibu Onzima akasema mwisho wa muhula,
maana hata kumfukuza mtu kuna gharama zake.
Ezaru wa wanafunzi, binti mwenye sauti ya filimbi,
akasema mpeni hadi mvua ziishe,
nani anafundisha pasi kwenye matope?
Adiga wa bodi akacheka:
mihogo yetu hapa Arua hukaa ardhini mwaka na nusu,
na hakuna anayeifukua kila Jumamosi
kuona imenenepa kiasi gani.

Mimi katibu, sina kura. Kazi yangu kuandika.
Kwa hiyo sikuandika kwamba Jumatano,
nikienda kufungua ofisi, umande bado mzito,
nilimkuta uwanjani peke yake na debe la majivu
aliyoyaomba kwa wapishi wa bweni,
akichora mstari wa penalti kwa kuuburuta mguu.
Chokaa iliisha Februari.
Ombi lake la chokaa limo kwenye faili langu,
chini ya risiti za maharage.

Aliponiona akasema: Katibu, goli la kaskazini limeinama,
mpira ukiuacha unateremka wenyewe hadi kwenye simsim.
Nimewafundisha vijana kuanzia upande wa juu,
lakini kila shilingi ikirushwa
inaangukia kwa wenzetu.
Sijawahi kuona mtu aliyeshindwa hata na shilingi
akicheka namna ile.

Sikuandika pia kuhusu kipa wetu Drani,
aliyefungwa manne na Koboko tukamzomea hadi getini.
Mwaka juzi aliacha masomo, akaenda kupasua mawe,
na Andama akamfuata kwa baiskeli karibu na Maracha
akarudi naye kwenye keria, magoti yakigusa vumbi.
Hiyo tuiweke safu ipi?
Ya ushindi, ya sare, au ya kufungwa?

Lakini niseme kweli, maana nami hukaa juani pale pembeni.
Mechi ya Nebbi, tuko nyuma kwa mawili,
dakika ya themanini akamtoa mshambuliaji
akaingiza beki.
Beki!
Nilimwita jina ambalo marehemu mama angelisikia
angenichapa, na miaka yangu hii hamsini na moja.
Wema si mbinu. Majivu hayafungi goli.
Na vijana wenyewe wana miaka miwili tu hapa chuoni:
kila mwezi tunaomwongezea yeye
tunaukata kwao, na wao hawarudishiwi.

Saa kumi na moja Mkuu akasema, Katibu, tusomee mkataba.
Nikasoma. Kifungu cha sita:
mshahara hulipwa kila mwisho wa mwezi.
Onzima akakohoa. Akafungua daftari lake, akalifunga.
Ezaru akauliza, mara ya mwisho ilikuwa lini?
Novemba, akasema Onzima, akikiambia kikombe cha chai.
Tukahesabu kimoyomoyo, kila mtu kwa vidole vyake chini ya meza.
Miezi mitano.
Sisi tulikuwa tunabishana tumpe muda gani.

Adiga akauliza kama na hilo liandikwe.
Mkuu alikuwa akitazama dirishani.
Mvua ilikuwa imeanza, ile ya matone manene,
na vijana walikuwa wakikimbia kutoka uwanjani, mmoja na mpira kifuani
kama mtoto wa mtu.
Andama hakukimbia. Alisimama kwenye boksi la penalti
akitazama mistari yake ikienda.

Nikaandika: imeahirishwa.
Nikachomoa lile ombi, mifuko miwili ya chokaa,
nikaliweka juu ya faili, bila kusema neno.
Ajenda ya tano ilikuwa choo cha walimu.